Ufundi wa Kumsaka Babu Katika Madaftari

Mgeni wa kazi hii akiingia katika hifadhi ya nyaraka husema, "Nimekuja kumtafuta babu yangu, aliitwa fulani." Fundi wa nasaba haanzi hivyo. Yeye huuliza kwanza, katika miaka ile babu aliyoishi, ni nani aliyekuwa akidai fedha na ni nani aliyezilipa. Swali hilo lina ukavu, hata laweza kuonekana la kumkosea marehemu adabu, lakini ndilo lifungualo mlango. Katika pwani yetu na bara lake, karatasi za zamani karibu zote ziliandikwa kwa sababu ya fedha au amri: kodi, fidia, mshahara, mirathi, zawadi ya kuteka jahazi. Hakuna karani aliyekaa kitako akaandika ili wajukuu wa watu wasisahau. Babu yumo mle kwa bahati tu, kando ya tarakimu. Kumtoa hapo akawa tena mtu mwenye mama, jirani na deni, huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu, na nitausifu polepole kwa sababu wenyewe hufanywa polepole.

Kazi huanzia nyumbani. Wanaoifanya vizuri huanza na walio hai, wakarudi nyuma kizazi kimoja kimoja bila kuruka. Huyu kazaliwa na nani, ushahidi uko wapi. Huyo naye kazaliwa na nani. Kishawishi cha kuruka ni kikubwa, maana kila ukoo una babu mmoja mwenye sifa, aliyeua simba au aliyekula meza moja na Sultani, na kila mjukuu angependa kuanzia kwake kisha ashuke. Fundi humwacha babu huyo asubiri zamu yake.

Wazee nao wana namna ya kuulizwa. Kumwuliza bibi wa miaka tisini alizaliwa mwaka gani ni kumtia haya bure. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya habari za magoti na za mvua, mwulizaji mwenye adabu huanza kwa mbali: vita vya Hitler vilipoanza, bibi ulikuwa umeshazaliwa? Mama alikuwa akisimulia njaa ipi? Unguja, watu waliweza kuhesabu tangu kipindupindu cha 1869 na 1870, au tangu kimbunga cha Aprili 1872 kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, au tangu mizinga ya Agosti 1896 Waingereza walipolipiga jumba la Sultani. Kusini mwa Tanzania kipimo ni Maji Maji, 1905 hadi 1907. Kwa wafugaji ni sotoka ya miaka ya 1890. Karibu kila mahali pana mafua ya 1918. Fundi anayo orodha hiyo mkononi, na kila kuzaliwa hukuweka baina ya matukio mawili. Akiandika "baina ya 1890 na 1896" huwa ameandika kitu cha kweli, ilhali anayeandika "1893" kwa sababu tu inapendeza machoni amekwisha kuharibu kazi.

Rika nazo husaidia, ila zina mtego. Miongoni mwa Wanandi majina ya rika huzunguka: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, kisha yanarudi Maina. Mzunguko mmoja huchukua karne na zaidi. Mtu akikuambia babu wa babu yake alikuwa Maina, umepata jibu na swali kwa pamoja. Kwa Wakikuyu msaada hutoka kwenye utaratibu wa kupeana majina: mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi zao. Ukiipata orodha ya watoto wa nyumba moja kwa mpangilio wa kuzaliwa, umepewa majina ya wazee wanne ambao hakuna aliyekutajia. Napenda sana hatua hiyo ya kazi. Haina mashine wala fedha ndani yake, ni mtu na orodha na akili.

Lipo pia lile la ubaba na undugu. Mzee akisema "baba yangu alikwenda Mombasa", huenda anamtaja baba mdogo. Na "ndugu" yaweza kubeba nusu ya kijiji. Wazoefu huuliza kwa upole: baba aliyekuzaa wewe? Ndugu wa tumbo moja? Hawachoki kuuliza hivyo, hata mzee akianza kucheka.

Sasa twende kwenye karatasi, na tuanze na Unguja na Pemba ambako utajiri ni mkubwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultan Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Amri ile haikumfungulia mtu pingu kwa usiku mmoja. Aliyetaka uhuru ilimpasa aende mahakamani kuuomba, na aonyeshe kuwa atakuwa na mahali pa kukaa na kazi ya kumlisha, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Masuria hawakuingizwa hadi 1909. Na bwana aliyekuwa na haki juu ya mtumwa wake aliweza kudai fidia. Hilo la mwisho, lililo chungu kuliko yote, ndilo limfaalo mtafiti leo. Serikali ilipotoa fedha ilitaka kujua inamlipa nani kwa ajili ya nani, na hivyo jina la mtumwa likakaa pamoja na jina la bwana wake.

Anayemsaka bibi aliyeitwa Zafarani atapotea akilifuata jina hilo peke yake. Majina waliyopewa watumwa yalikuwa machache, yakarudiwarudiwa: Mabruki, Faraji, Baraka, Uledi, Bahati, Songoro, Majuma. Akina Mabruki ni jeshi. Lakini Mabruki wa bwana fulani, mwenye shamba fulani la mikarafuu upande wa Chake Chake, hao ni mmoja au wawili. Kwa hiyo fundi hujilazimisha kumsoma bwana: mashamba yake, wosia wake, wake zake, rehani alizoweka kwa wakopeshaji wa Kihindi. Mwishowe humjua bwana kuliko alivyotaka kumjua. Wapo wajukuu wanaokasirishwa na jambo hili, kwamba babu yao apatikane kwa kupitia mlango wa aliyemnunua. Hasira hiyo ni halali kabisa. Mlango, hata hivyo, ni huo.

Tena wengi hawakuipitia amri ya 1897. Waliandikwa huru na mabwana zao kwa kutaka thawabu, mara nyingi katika wosia au katika ugonjwa. Uhuru wa namna hii haukukata uhusiano, kwa sababu sheria ya Kiislamu inautambua walaa: aliyeachwa huru akifa bila warithi wa damu, aliyemwacha huru au jamaa zake wana haki katika mali yake. Tuseme mwanamke amekufa katika mtaa wa Ng'ambo, Unguja, akaacha kibanda cha makuti, kitanda na bangili mbili za fedha. Mtu mmoja anasema ni mtoto wa dada yake. Nyumba ya bwana wa zamani inasema hana jamaa. Wakifika mbele ya kadhi, mashahidi wataulizwa marehemu alikuwa nani, alitoka wapi, aliolewa na nani, watoto wake walikufa lini. Maisha yote ya mtu ambaye hakuna aliyeyaandika akiwa hai yaweza kuandikwa kwa sababu ya bangili mbili. Ndiyo maana watafiti wazoefu huwa na hamu ya kesi za mirathi kuliko hamu waliyo nayo ya vyeti. Cheti hukupa jina na tarehe, wala hakisemi zaidi. Wagomvi husema sana.

Upande wa bahari hesabu ilikuwa nyingine. Manowari za Uingereza zilivizia majahazi ya watumwa baina ya Kilwa, Unguja na Uarabuni, na mabaharia wake walilipwa zawadi kwa kila mtumwa aliyeokolewa, au kwa ukubwa wa jahazi lililotekwa. Kwa ajili ya zawadi hiyo nahodha alitunza hesabu: mahali, tarehe, wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Karatasi za Wizara ya Mambo ya Nje kuhusu biashara ya watumwa ziko leo katika hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, London, chini ya alama FO 84. Majina mle ni haba. Lakini ukijua mtoto alishushwa Unguja, Aden au Bombay mwezi gani, una pa kuanzia kumtafuta katika daftari la misheni iliyompokea.

Chukua mfano wa Myao mmoja aliyeitwa Chengwimbe. Alitekwa akiwa mdogo, akauzwa, akaokolewa na manowari, akapelekwa India, akasomeshwa katika shule ya CMS, misheni ya Kianglikana, huko Nashik, akabatizwa Matthew Wellington. Mwaka 1872 alikuwa mmoja wa vijana sita wa Nashik walioondoka Unguja pamoja na kundi la wapagazi lililoandaliwa na mwandishi wa habari Stanley, wakamfuate msafiri David Livingstone huko Unyanyembe. Wenzake walikuwa Jacob Wainwright, John Wainwright, Carus Farrar, Richard Rutton na Benjamin Rutton. Yasome tena majina hayo, uone kama yanakuambia chochote kuhusu nyanda za Ziwa Nyasa. Majina ya namna hii mara nyingi yalikuwa ya wachungaji na wafadhili waliotoa fedha za kumlea mtoto. Akina Wainwright ni wawili na akina Rutton ni wawili. Msomaji wa haraka huandika "ndugu" akaendelea. Fundi huweka alama ya kuuliza mpaka apate ushahidi wa upande mwingine, kwa kuwa jina lililotolewa kwenye maji ya ubatizo humwonyesha mtoaji, na halisemi lolote kuhusu damu ya mpokeaji.

Vijana hao ndio waliokuwapo, pamoja na Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wapagazi wengine, Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo. Jacob Wainwright alichonga maandishi kwenye mti pale ulipozikwa moyo wa mzee, na tarehe aliyochonga ni 4 Mei 1873. Vitabu, vikifuata shajara ya Livingstone iliyohaririwa na Horace Waller, husema 1 Mei. Kwa mtu wa nasaba hilo ni somo zima. Ikiwa kifo cha mzungu aliyekuwa akifuatiliwa na magazeti ya dunia kina tarehe mbili, usimgombeze karani wa Pangani kwa tarehe ya mpagazi. Fundi huziandika zote mbili, akaonyesha kila moja imetoka wapi, na aliyeisema alikuwa amesimama umbali gani na tukio.

Mwili ulifika Bagamoyo Februari 1874. Jacob alipanda nao meli hadi Uingereza, na alikuwapo Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, wakati Chuma na Susi waliokaa na Livingstone miaka mingi kuliko yeye hawakuwapo. Sababu si mapenzi wala cheo. CMS ililipa nauli ya Jacob. Chuma na Susi walikwenda baadaye mwaka huohuo, kwa fedha za James Young, rafiki wa marehemu. Mtu akizitazama picha za mazishi bila kujua nani alilipa nauli, atawahesabu watu vibaya. Shajara ya Jacob ya safari ile ya kubeba mwili ilichapishwa mwaka huohuo wa 1874, kwa Kijerumani, katika jarida la jiografia la Petermann huko Gotha. Nani angemtafuta Myao wa Nashik katika mji mdogo wa Ujerumani? Wenye kazi yao hutafuta hata huko, na hawaoni ajabu.

Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, Susi hukohuko 1891, Jacob Urambo mwaka 1892. Wellington aliishi Mombasa hadi 1935, wa mwisho wao, na kabla hajafa mtu aitwaye W. J. Rampley akaandika kijitabu cha maisha yake. Tunamjua Wellington kuliko tunavyomjua Richard Rutton kwa sababu kubwa moja: alidumu hadi watu wakaona haja ya kumwuliza. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kiliwatengenezea wapagazi wale medali za fedha, kila moja na jina la mwenyewe ukingoni. Zilipofika, wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika. Medali moja ikijitokeza leo katika sanduku la bibi fulani, jina la ukingoni ni ushahidi wa daraja la kwanza kwamba mtu huyo alikuwapo. Kwamba alikuwa babu wa bibi huyo, bado.

Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa upande wa Kisauni, ilianzishwa na CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa, na ndiko kulikotoka kitabu ambacho kila mwenye kupenda nasaba za pwani akisome. Ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, mtoto akisimulia kwa Kiswahili habari za baba yake na wenzake waliotekwa wakaokolewa. Wasikilizaji wa redio nchini Kenya waliizoea kwa miongo sauti ya Leonard Mambo Mbotela katika kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? Wengi wao hawakujua kuwa mtangazaji huyo, mzaliwa wa Freretown wa mwaka 1940, alikuwa wa ukoo huohuo.

Fundi husomaje kitabu kama kile? Kwa heshima, na kwa penseli. Ni ushuhuda wa mtoto juu ya baba, ulioandikwa miaka mingi baada ya tukio, katika jamii ya Kikristo iliyokuwa na sababu ya kuwashukuru waokozi wake. Hilo halikifanyi cha uongo. Humfanya msomaji atenge kila dai na kuuliza lingeacha alama wapi: jahazi lingeandikwa na nahodha, mtoto angeandikwa na misheni, ndoa ingeandikwa na kasisi. Barua na taarifa za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Za UMCA, misheni nyingine ya Kianglikana, waliokuwa Mkunazini, Kiungani na Mbweni, ziko Oxford. Za mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, ziko Chevilly-Larue nje ya Paris. Habari za babu wa pwani zimelala katika nchi mbili za mbali. Si haki, na nadhani nchi zetu zingedai nakala kwa sauti kubwa zaidi. Lakini wanaozisaka hawasubiri haki itimie ndipo waanze.

Daftari la ubatizo la Kikatoliki ni kitu cha kustahili kusifiwa peke yake. Baada ya amri ya Roma iitwayo Ne Temere, iliyotolewa 1907 na kuanza kutumika Pasaka ya 1908, paroko alitakiwa kuandika habari za ndoa ya mtu pembeni mwa mstari wa ubatizo wake, hata kama ndoa ilifungwa parokia ya mbali. Kwa hiyo mstari mmoja, ukitunzwa vema, hubeba kuzaliwa na kuoa na jina la parokia alikohamia. Wanaojua hawaishii kwenye jina la mtoto na wazazi. Husoma wasimamizi. Msimamizi wa ubatizo ndiye aliyeaminiwa: shangazi, jirani, aliyetekwa pamoja na mama wa mtoto. Husoma mistari kumi ya juu na kumi ya chini, kwa sababu watu huja kubatizwa pamoja na wanaojuana nao. Ukimkosa babu mwenyewe, waandike majirani zake wote. Mmojawao amemtaja mahali.

Kisha kuna mkono wa karani. Mjerumani aliandika Udjidji, Mfaransa akaandika Oudjidji, nao Wachaga wakawa Wadschagga. Asiyejua mwandishi alikuwa wa taifa gani hataupata ukoo wake katika faharasa, maana utakuwa umejificha chini ya herufi nyingine. Nyaraka za utawala wa Kijerumani, zilizoko Dar es Salaam katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa na kuingizwa na UNESCO mwaka 1997 katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia, sehemu yake imeandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wa leo hujifunza kuusoma. Kiswahili cha herufi za Kiarabu nacho kina mambo yake: ba ilisimama mahali pa b na pa p, fa mahali pa f na v, na Pili akasomeka Bili. Nimewaona watu wakiukazia macho mstari mmoja muda ambao mwingine angekuwa amekunywa chai mbili. Hawabahatishi. Wanatafuta neno jingine kwenye ukurasa lenye herufi ileile, neno wanalolijua, ili mkono wa karani wenyewe uwafundishe namna ya kuusoma.

Bara, kodi ndiyo iliyohesabu watu. Kodi ya nyumba ilitozwa kwa kila nyumba, si kwa kila mtu, na mume mwenye wake wengi kwa kawaida alimjengea kila mke nyumba yake. Mtu aliyelipia nyumba tatu huenda alikuwa na wake watatu, au wake wawili na mama mjane. Wanawake hao hawatajwi popote kwenye stakabadhi, lakini wamo katika hesabu. Mtafiti akishaiona hiyo tatu hurudi kwa wazee na swali jipya: nyumba ya tatu ilikuwa ya nani? Wanawake hupatikana hivyo, kwa ubavuni. Hata jumba la Sultani lilikuwa hivyo: tunamjua Jilfidan, suria wa Kicherkesi wa Seyyid Said, kwa kuwa binti yake Salme alikwenda Ujerumani akaandika kumbukumbu zake mwaka 1886. Masuria wengine wengi waliolala chini ya dari lile wamebaki bila hata jina.

Halafu kipande. Nchini Kenya sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea abebe karatasi ya kumtambulisha, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kilikuwa chombo cha kumzuia asimkimbie mwajiri, na wazee waliokivaa hawakukisahau. Ndani yake mna alama za vidole, kabila, wilaya, na mfululizo wa waajiri na mishahara na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Kitu kilichobuniwa kumdhalilisha mtu leo ndicho kinachomwambia mjukuu kwamba babu alikuwa Thika mwaka gani na Kericho mwaka gani. Kwenye kazi hii lazima uzoee kula chakula kwenye sahani ya namna hiyo.

Mahali pabaya kuliko pote ni vita vya kwanza vya dunia. Wapagazi waliokusanywa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza, ambao jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa kuhara, malaria na njaa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kuwa askari na wapagazi wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 haina jina hata moja. Hapa swali la nani alilipwa linageuka: watafiti hufuatilia mishahara ya wapagazi waliokufa ambayo haikuchukuliwa na mtu, kwa sababu deni nalo huandikwa.

Vipimo vya vinasaba (DNA) vya siku hizi vinaweza kukuambia una binamu Oman au Malawi. Havikuambii alikuwa nani wala alikuja lini, na mwenye kipimo bila karatasi amepata mkoba bila kitu ndani. Niishie hapo kuhusu vipimo hivyo.

Ninachokistahi zaidi kwa mafundi hawa ni uwezo wao wa kuacha nafasi wazi. Pwani yetu ina shajara za nasaba, nzuri, za masharifu wa Lamu na kwingineko zilizotunzwa kwa uangalifu vizazi na vizazi. Ina pia shajara zilizotungwa wiki iliyotangulia harusi. Baina ya sensa ya Zanzibar ya 1924 na ile ya 1931, watu wengi walibadilisha majibu yao walipoulizwa kabila: waliojiita Waswahili walipungua mno, Washirazi wakaongezeka. Siwalaumu. Katika mji ambao asili ya utumwa ilikufungia milango, kujipa asili nyingine kulikuwa kujitetea. Fundi naye hawalaumu, wala hawafuti. Huandika walichosema 1924, akaandika walichosema 1931, akaviacha vikae pamoja. Na pale ushahidi unapokwisha huandika "haijulikani", neno linalomgharimu mtu moyo kuliko jina lolote la kubuni, hasa ukoo mzima ukiwa umekaa ukumbini ukisubiri kusomewa.

Kwa hiyo wewe unayesoma: kama kuna kikopo cha kipande, stakabadhi ya kodi, cheti cha ubatizo au karatasi ya herufi za Kiarabu katika sanduku la nyumba yenu, usikitupe wala usikitie plastiki kwa pasi ya moto. Kipige picha pande zote mbili. Zichukue picha za zamani ukaandike nyuma, kwa penseli laini, nani amesimama na nani ameketi, wakati yupo bado anayewajua. Na ukienda kumwuliza bibi, mwulize pia majirani zake walikuwa akina nani.